Kabla ya Morocco kuna Malambo

Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, wanarudi katika fainali za Afrika kuwania tiketi ya Kombe la Dunia. Kikosi cha kwanza wanacho. Benchi linalohitajika kumaliza mashindano lazima litafutwe mbali zaidi ya pale tulipozoea kutafuta.

Mjini Oujda, mashariki mwa Morocco, Julai 11, 2025, Opa Clement aliifungia Tanzania bao la kuongoza dhidi ya Afrika Kusini, timu iliyokuwa ikitetea ubingwa wa Afrika. Twiga Stars walikwenda mapumziko wakiwa mbele. Kipindi cha pili Afrika Kusini waliongeza kasi, wakaingiza damu mpya, na beki wao Bambanani Mbane akasawazisha. Mechi ikaisha 1-1. Hiyo ndiyo ilikuwa pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya Fainali za Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, WAFCON. Siku tatu baadaye Ghana wakashinda 4-1 na safari ikaishia hapo.

Ukiyapanga matokeo yote ya Twiga Stars katika fainali hizo, huoni timu iliyozidiwa. Mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, walifungwa 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, kisha 3-0 na Nigeria. Mwaka 2025, chini ya Bakari Shime, walifungwa 1-0 na Mali, wakatoka sare na Afrika Kusini, kisha wakapokea kile kichapo cha Ghana. Mechi sita, vipigo vitano, sare moja, mabao matano ya kufunga na 14 ya kufungwa. Lakini katika mechi hizo sita, tatu walipoteza kwa bao moja tu na ya nne haikupata mshindi. Tena angalia mpangilio wake: mara zote mbili mechi ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Nigeria 3-0, Ghana 4-1. Timu inaingia vizuri, inapambana, halafu inaishiwa.

Wapo wanaoita hali hiyo bahati mbaya, na wapo wanaosema ni ugeni wa mashindano makubwa. Kwa maoni yangu, sababu iko nyuma zaidi. Mechi za Morocco zilichezwa Julai 7, 11 na 14, yaani mechi tatu ndani ya siku nane. Katika mbio za namna hiyo wachezaji 11 wazuri hawatoshi. Anayeamua matokeo ni mchezaji wa 14, wa 16 na wa 20, yule anayeingia dakika ya 65 wakati winga wa kwanza miguu imekwisha, na anayeanza mechi ya tatu ili mwenzake apumzike. Tanzania haina wachezaji wa kutosha wa aina hiyo kwa sababu moja kubwa: tunawatafuta katika sehemu ndogo ya nchi. Kata ya Malambo, wilayani Ngorongoro, ni kipimo kizuri cha udogo huo.

Kundi linalovukika

Kwanza tuone kinachowaniwa. Fainali za 2026, ambazo pia zimepangwa Morocco, zimepanuliwa kutoka timu 12 hadi 16. Tanzania imefuzu kwa kuitoa Guinea ya Ikweta, kisha Ethiopia, na imepangwa Kundi B pamoja na Afrika Kusini, Ivory Coast na Burkina Faso. Kenya, ambayo haijaonekana katika fainali hizi tangu 2016, imerudi na kupangwa na wenyeji Morocco, Algeria na Senegal. Timu mbili za juu katika kila kundi zinakwenda robo fainali, na washindi wanne wa robo fainali wanapata tiketi ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia la 2027 nchini Brazil. Kwa maneno mengine, Twiga Stars wako mechi nne tu kutoka Kombe la Dunia. Timu ya taifa ya wakubwa ya Tanzania, iwe ya wanaume au ya wanawake, haijawahi kuwa karibu kiasi hicho.

Na kundi lenyewe linavukika. Afrika Kusini wamecheza Kombe la Dunia mwaka 2019 na 2023 na walitwaa Afrika mwaka 2022, lakini pale Oujda walinusurika. Ivory Coast walicheza Kombe la Dunia la 2015, na hao hao ndio Tanzania iliowatoa kwa mikwaju ya penalti katika safari ya kufuzu fainali zilizopita. Burkina Faso waliingia fainali hizi kwa mara ya kwanza mwaka 2022 tu. Upande wa wachezaji, hakuna kizazi cha Twiga Stars kilichowahi kuwa na uzoefu kama huu: Clara Luvanga yuko Al Nassr ya Saudi Arabia, Aisha Masaka alipita BK Häcken ya Sweden hadi Brighton ya Uingereza, Julietha Singano amekipiga Mexico, na Opa mwenyewe amecheza Uturuki na China. Hesabu ya pointi nne, yaani kushinda mechi moja, sare moja na kupoteza moja, ni hesabu ya kweli.

Ninachokitilia shaka ni mechi ya tatu na ile ya nne, ile ya robo fainali. Hapo ndipo benchi linapoulizwa, na jibu la benchi huandaliwa miaka 10 kabla.

> Mechi sita za WAFCON: tatu zilipotea kwa bao moja, na moja ikaisha kwa sare.

Ligi ilichokwisha kuthibitisha

Kwamba kupanua msingi kunaleta matokeo si nadharia, kwa sababu Tanzania imekwisha kulijaribu jambo hilo kidogo na kuvuna. Kizazi cha 2010, cha akina Sophia Mwasikili, Mwanahamisi Omari na Esther Chabruma, kilikuwa na vipaji vikubwa. Kilipoondoka hapakuwa na wa kukipokea, na nchi ikasubiri miaka 15 kurudi katika fainali. Hapakuwa na ligi ya taifa ya wanawake wakati huo. Wachezaji walitoka katika timu chache, nyingi za Dar es Salaam, zilizoishi kwa mifuko ya watu wachache wenye mapenzi.

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Tazama kilichofuata. Mwaka 2021 Twiga Stars walichukua ubingwa wa COSAFA kwa kuifunga Malawi katika fainali. Mwaka 2022 Simba Queens walichukua ubingwa wa CECAFA na kumaliza nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka huo huo wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia nchini India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada na kufika robo fainali. Mwaka 2023 JKT Queens nao wakatwaa CECAFA na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Kisha zikaja fainali za Afrika mara mbili mfululizo. Mafanikio hayo yote yamekuja ndani ya miaka 10 baada ya msichana wa Kitanzania kupata mechi za uhakika za kucheza kila msimu.

Atatokea msomaji makini akumbushe kwamba timu ya wanawake ya Tanzania Bara ilitwaa ubingwa wa CECAFA mwaka 2016, kabla ligi haijaanza. Ni kweli, na ndiyo maana ni lazima tutofautishe ngazi. Katika ukanda wa Afrika Mashariki, wachezaji 11 wenye vipaji wanaweza kukubeba hadi kombe. Katika bara, mbele ya Nigeria wenye mataji 10 na Morocco waliojenga ligi ya kulipwa yenye madaraja mawili, 11 hao hao wanakufikisha dakika ya 60.

Sasa tazama ligi hiyo ilipokomea. Msimu wa 2024/25 ilikuwa na timu 10, kwa hiyo kila timu ilicheza mechi 18. Ligi ya wanaume ilikuwa na timu 16 na mechi 30. Timu hizo 10 za wanawake zilitoka Dar es Salaam na Pwani, Dodoma, Iringa, Mwanza na Mara kwa sehemu kubwa. Mkoa wa Arusha haukuwa na timu hata moja. Mkoa wenye jiji la Arusha, wenye Karatu inayojaa watalii, wenye uwanja mpya unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027 ya wanaume, haukuwa na klabu ya wanawake ambayo msichana wa huko angeitazama na kusema nami nitafika pale. Kama jiji lenyewe liko nje ya mzunguko, Malambo iko wapi?

Wilaya kubwa kuliko Mkoa wa Kilimanjaro

Malambo iko Tarafa ya Sale, kwenye nyanda kavu kati ya tambarare za Serengeti upande wa magharibi na bonde linaloteremka kuelekea Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron upande wa mashariki. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kimaasai. Wilaya nzima ya Ngorongoro ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000, eneo linaloupita Mkoa mzima wa Kilimanjaro, lakini sensa ya 2012 iliwahesabu humo watu 174,278 tu, chini ya watu 13 kwa kila kilomita ya mraba. Timu zetu za taifa za vijana zinaitwa Ngorongoro Heroes, Serengeti Girls na Tanzanite Queens, majina yaliyotoka katika nchi hii ya wafugaji na wanyamapori. Wachezaji wametoka kwingine.

Si kwamba huku hakuna vipaji vya michezo. Karatu, ng'ambo ya pili ya kreta ya Ngorongoro, ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na kurudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Mbulu ilimtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa na mguu uliofungwa bandeji. Na kwa upande wa wanawake, Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Nyanda hizi za kaskazini zimekuwa zikitoa mapafu na miguu ya kiwango cha dunia kwa zaidi ya nusu karne.

Tofauti iko katika mahitaji ya michezo yenyewe. Mkimbiaji anahitaji barabara ya vumbi na saa. Anaweza kuwa peke yake, akafanya mazoezi alfajiri, na siku ya mashindano akapanda basi kwenda mjini, na muda aliokimbia unatosha kumtambulisha. Mpira hauna muda wa kumtambulisha mtu. Mchezaji anajulikana akiwa ndani ya timu, dhidi ya timu nyingine yenye uwezo, mbele ya mtu anayejua kutazama, na si mara moja. Msichana anayekimbia vizuri kuliko wote katika shule yake anaweza asijue kamwe kwamba ni winga, kwa sababu hajawahi kupigiwa pasi nyuma ya beki. Kwa hiyo mikoa yenye watu waliotawanyika hutoa wanariadha na haitoi wachezaji wa mpira. Anayeilaumu Malambo kwa kutotoa mchezaji anapaswa kwanza kuhesabu mechi ambazo mtoto wa huko amepewa.

Saa kumi jioni

Chukua muda wa siku, kwa sababu hapo ndipo tatizo linapoonekana kwa macho. Mazoezi ya mpira katika nchi hii, mijini na vijijini, hufanyika jioni: saa kumi hadi jua linapozama, kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kwa mvulana wa Kariakoo au Mwanza huo ni muda wa chandimu, mpira wa matambara ukishindikana kupatikana wa dukani. Kwa msichana wa boma la wafugaji, hiyo ndiyo saa yenye kazi nyingi kuliko zote. Mifugo inarudi kutoka machungani. Ndama na wana-mbuzi wanatengwa na mama zao, maziwa yanakamuliwa, na kukamua ni kazi ya wanawake na mabinti. Kabla ya hapo kuna maji: dumu moja la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, punda anabeba machache, na wakati wa kiangazi foleni kwenye chanzo ni ndefu. Hakuna mzazi anayehitaji kuwa adui wa mpira ili binti yake asicheze. Ratiba inamkatalia kabla mzazi hajaulizwa.

Halafu kuna umbali. Barabara kuu ya wilaya ni ile itokayo Mto wa Mbu kupita Engaruka na Ngaresero hadi Sale, Wasso na Loliondo, na kipande cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale kimewekwa lami. Malambo iko nje ya mkondo huo. Mjini, shule tatu zinaweza kuwa na ligi yao kwa kutembea kwa miguu. Huku, mechi moja ya ugenini ni safari ya gari, na gari ni mafuta, na mafuta ni pesa ambayo shule ya msingi haina fungu lake. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ndiyo mashindano pekee yanayofika kila wilaya, nayo huja mara moja kwa mwaka. Mtoto anayecheza mechi mbili tatu kwa mwaka akiwa na miaka 11 atakutana na mwenzake wa Dar es Salaam aliyecheza mechi 40, na kocha mwaminifu kabisa atamchagua yule wa Dar es Salaam.

Tena mambo haya mawili yanarekebishika kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mpira wa wasichana ukiingizwa ndani ya ratiba ya shule, asubuhi, katika kipindi cha michezo kinachotambuliwa, unaacha kushindana na maziwa na maji. Na mpira wa watoto hauhitaji uwanja wa mita 105 wala wachezaji 11 kila upande. Saba kwa saba, kwenye nusu uwanja uliosafishwa miiba ya migunga, unatosha hadi miaka 12, na ndivyo watoto wanavyofundishwa katika nchi zenye viwanja vingi kuliko sisi. Karibu kila shule ya msingi, hata ya kata yenye watu wachache, ina wasichana saba wanaopenda kukimbia.

> Ratiba inamkatalia binti kabla mzazi hajaulizwa.

Mbona Zambia?

Pingamizi zito la kwanza ni la watu wa mpira wenyewe. Wanasema timu ya taifa haihitaji wasichana milioni moja, inahitaji kikosi kimoja. Wanaitaja Zambia, nchi yenye watu wachache kuliko sisi, iliyomaliza ya tatu Afrika mwaka 2022, ikacheza Kombe la Dunia la 2023 ikiongozwa na nyota wawili, Barbra Banda na Racheal Kundananji, na kuifunga Costa Rica 3-1. Tuwekeze kwa wachache, wanasema, tuwapeleke nje mapema, mengine yatafuata.

Lakini Zambia ikisomwa vizuri inathibitisha kinyume. Banda hakuanguka kutoka mbinguni. Alikuwa katika kikosi cha Zambia kilichocheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 mwaka 2014 nchini Costa Rica. Kutoka mashindano hayo hadi nafasi ya tatu Afrika ilipita miaka minane ya kizazi kukua pamoja, na katikati yake Olimpiki ya Tokyo. Serengeti Girls wa India 2022 ndio mwaka 2014 wetu. Wako katika umri wa kuingia Twiga Stars sasa, na wengine wamekwishaingia. Swali ni kama nyuma yao kuna kundi jingine la ukubwa huo, au tutarudia miaka 15 ya baada ya 2010. Kenya hawakai kusubiri: mwaka 2024 wasichana wao wa chini ya miaka 17 walikuwa timu ya kwanza ya Kenya ya soka kucheza Kombe la Dunia la ngazi yoyote, wakaifunga Mexico 2-1, na nyuma yao kuna mashindano ya shule za sekondari ambayo shule kama Butere Girls, Nyakach Girls na Wiyeta Girls zimeyachukulia kwa uzito kwa miaka mingi. Hizo ni shule za Kakamega, Kisumu na Trans Nzoia, si za Nairobi.

Njia nyingine ya mkato inayotajwa ni watoto wa Watanzania waliozaliwa Ulaya, kwa mfano wa Morocco, ambao wamenufaika sana na wachezaji wa aina hiyo. Wakipatikana na wakitaka, waje. Ila sheria yetu ya uraia hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na ni vigumu kumwomba msichana wa miaka 20 aachane na pasi ya nchi anayoishi kwa ajili ya mechi za kimataifa chache kwa mwaka. Timu haiwezi kupangwa kwa kutegemea hilo.

Mila, ndoa na sheria

Pingamizi la pili hutolewa kwa sauti ya chini: Wamaasai hawatakubali. Huwa linasemwa na watu wa mbali, na mara nyingi linatumika kufunga mjadala kabla haujaanza. Ndoa za mapema zipo, ukeketaji upo, na si haki kwa mabinti kuyafumbia macho mambo hayo kwa kisingizio cha kuheshimu utamaduni. Lakini mila za wafugaji hazijawahi kusimama mahali pamoja, na sheria nayo imesogea. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Kwa mchezaji, umri huo ndio kila kitu. Miaka ya kuanzia 12 hadi 18 ndiyo ya kujifunza mpira. Binti anayeolewa akiwa na 15 ametolewa nje kabla ya mapumziko.

Na kuna mifano ya karibu ya jamii zilizosemwa hazitakubali. Zanzibar, timu ya Women Fighters ilicheza kwa miaka mingi mbele ya maneno makali ya waliotaka wanawake wasionekane uwanjani. Kilifi, katika pwani ya Kenya, mradi wa Moving the Goalposts ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijijini, ambako wasichana wengi walikuwa wakiacha shule mapema, na leo ligi za wasichana huko ni jambo la kawaida. Kote kuwili wazazi walibadilika walipoona mambo mawili: kwamba binti anarudi nyumbani salama, na kwamba kuna mwanamke mzima anayemwajibikia. Kwa Malambo hiyo ina maana ya mwalimu wa kike mwenye mafunzo ya ukocha. Bila yeye, mipira ikimwagwa gunia zima haitafika miguuni mwa wasichana. Wavulana wataicheza.

Maji kwanza?

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wilaya ya Ngorongoro imepita katika miaka migumu. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilitengwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, na Malambo ni miongoni mwa kata zilizoguswa na mvutano wa malisho kuhusu eneo hilo. Kuna ukame, kuna zahanati za mbali. Mtu wa huko ana haki ya kuuliza kwa nini mwandishi aje na hadithi ya mpira wakati ng'ombe hawana pa kulisha.

Jibu langu ni kwamba hakuna anayeombwa kuchagua. Kisima kilicho karibu na shule ni mradi wa afya, na pia ni mradi wa mpira, kwa sababu kinamrudishia binti saa mbili za siku yake. Mwalimu wa kike anayekubali kubaki kwa kuwa amejengewa nyumba ni mradi wa elimu, na ndiye kocha huyo huyo. Bweni linalomweka msichana sekondari hadi kidato cha nne linampa umri wote wa kujifunza mpira. Vitu hivi vinadaiwa tayari, na vinastahili kudaiwa hata kama mpira usingekuwepo duniani. Soka linachoongeza juu yake ni kidogo: mipira, mafunzo ya ukocha, mafuta ya gari, na mtu wa kuja kutazama.

Hicho kidogo nani akilipe? Shirikisho la soka nchini, TFF, hupokea fedha za maendeleo kutoka FIFA, na sehemu ya wanawake inapaswa kuonekana hadi katika vyama vya soka vya wilaya zilizo pembezoni, siyo kuishia katika kambi za timu ya taifa. Halmashauri za Ngorongoro na Karatu zimezungukwa na utalii ambao wageni wake hulipa kuona kreta na nyumbu, na kampuni zinazonufaika zina kila sababu ya kuwa na jina kwenye jezi za watoto wa hapo. Mjini Arusha uwanja wa watazamaji 30,000 unajengwa kwa mabilioni ya shilingi kwa ajili ya AFCON 2027. Sipingi uwanja huo. Nadai kwamba mkoa unaojengewa uwanja huo hauwezi kusema umeshindwa kuendesha ligi ya wasichana ya shule za msingi katika Tarafa za Ngorongoro, Sale na Loliondo, saba kwa saba, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kisha ukaunganisha mabingwa wake na wa Karatu.

Twiga Stars wa 2026 hawatasaidiwa na ligi hiyo, na ni vema kusema hivyo waziwazi. Wao watakwenda Morocco na kikosi walichonacho, na naamini wakipangwa vizuri, na kocha akithubutu kuwapumzisha nyota wake katika mechi ya pili, wanaweza kuvuka Kundi B. Msichana mwenye miaka 10 Malambo leo atakuwa na 16 mwaka 2032, umri wa Serengeti Girls, na 19 mwaka 2035, mwaka wa Kombe la Dunia. Uteuzi wa walimu watakaokwenda kozi ya ukocha unafanywa kila mwaka, na majina hutoka wilayani. Ofisa michezo wa Ngorongoro aanze na majina mawili ya walimu wa kike kutoka Tarafa ya Sale, na TFF iyakubali.